Kaka katoka kwenye grupu tena

Shangazi: Sasa huyu kijana ndo nini. Nimemuuliza swali moja tu, mbona juzi hukuja kunipokea nimekaa kituoni masaa mawili na mizigo, badala ya kusema samahani shangazi ananiambia nimuache na maisha yake halafu huyoo katoka kwenye grupu. Mara ya pili hii mwezi huu

Dogo: ya tatu shangazi 😅

Mjomba: Mnamdekeza. Tangu aanze kuumwa hakuna anayemkanya. Kifafa ni kuanguka, sio kuwajibu wakubwa hovyo.

Binamu: Shikamooni wakubwa. Mjomba naomba nikukosoe hapo kwa heshima. Kuanguka ni kile tunachokiona sisi wa nje. Ubongo unaopata ile hitilafu ya umeme inayomwangusha ndo huohuo unaotunza kumbukumbu na kuendesha hasira na furaha, sasa utashangaa vipi vikiguswa na hivyo? Karibu mtu 1 kati ya 4 wenye kifafa ana sonona, ule ugonjwa wa huzuni nzito isiyoisha, na wengi hawajawahi kuulizwa. Nawaona kliniki kila wiki, mtu anaingia anaulizwa umeanguka mara ngapi, anapewa vidonge, anaondoka

Shangazi: Mi najua mwenye sonona analia tu ndani. Huyu anabamiza milango

Binamu: Kuna wa kulia na kuna wa kubamiza milango shangazi. Mama mkubwa lile daftari lako la kuandika anavyoanguka unalo hapo karibu?

Mama: Ninalo mwanangu. Naogopa hata kusoma haya mnayoyaandika, yeye yuko chumbani kajifungia

Dada: Mama nimeongea nae mlangoni, kasema semeni tu kachoka kujieleza

Mama: Haya. Mwezi wa 3 tar 4, dozi imeongezwa, asubuhi kidonge na jioni kidonge. Tar 11 kagombana na dogo kisa chaja. Tar 15 kavunja kikombe, kasema kimeteleza ila hakikuteleza. Tar 19 kimya kutwa nzima, kila akiguswa anafoka. Tar 20 kaanguka alfajiri saa 11. Tar 21, 22 kalala, analia hasemi kwa nini

Dogo: dah mama unaandika hadi kikombe

Binamu: Aandike hivohivo! Madaktari wangapi wanatamani daftari kama hilo. Dawa yenyewe inaitwaje?

Mama: Levetirasetamu, nimeandika huku ulimi unauma

Binamu: Aisee. Sasa sikilizeni, humo kuna mambo mawili msiyachanganye. Dawa hiyo inazuia kuanguka vizuri tu, ila inajulikana kabisa kwa baadhi ya watu inaleta hasira za ghafla na unyonge, na ugomvi wa chaja umekuja wiki moja baada ya dozi kupanda. Hilo la kwanza. La pili ni tar 19. Kuna watu siku moja kabla ya kuanguka wanabadilika, anakuwa kama mtu mwingine, na akishaanguka anabaki na giza siku mbili tatu. Tar 19 sidhani kama ilikuwa dharau, tukio lilikuwa linakuja

Mjomba: Basi dawa yenyewe ndo adui. Aiache leo.

Binamu: HAPANA mjomba, tafadhali hapo usije ukamwambia. Ukikata ghafla anaweza kuanguka mfululizo bila kuzinduka katikati na mtu anakufa kabisa. Daktari ndo anaipunguza kidogo kidogo au anambadilishia

Mama: Ile ya zamani fenobabitoni nayo ilikuwa inamfanya mzito, anasoma ukurasa mmoja saa nzima. Mwalimu akasema mvivu

Shangazi: Na hili la kunisahau mimi kituoni nalo ni dawa? Maana nilimpigia jana yake akaitika vizuri ndio shangazi nitakuja

Binamu: Kwake yeye ile hitilafu ya umeme inaanzia ubavuni mwa kichwa hapa juu ya sikio, na huko ndiko kumbukumbu mpya zinakohifadhiwa. Kuna na vile vicheche vya umeme vya usiku ambavyo hatikisiki wala hamuoni kitu, ila asubuhi mambo ya jana yamefutika. Usiku huohuo ulipompigia alilala vizuri?

Dogo: hakulala, alikuwa anazungukazunguka hadi saa 9

*Dada amemwongeza Kaka*

Kaka: Shikamoo shangazi, shikamoo mjomba

Shangazi: Marahaba baba

Kaka: Dada kanionyesha simu yake nimesoma yote. Niseme kimoja. Wiki iliyopita nimesimama mlangoni na ufunguo mkononi, dogo anauliza umeshika nini, neno likakataa kutoka. Nauona, naujua, jina hakuna. Nikasema kile cha kufungulia. Akacheka nikataka kumpiga. Sio yeye niliyemkasirikia

Dogo: kaka mi sikujua 😔

Kaka: Najua. Na shangazi, ile safari sikuikumbuka kabisa hadi uliponiandikia, nikaona aibu, aibu ikatoka kama hasira. Ila msije mkasema kila nikikasirika ni ugonjwa. Lile la jana nilikuwa nimekasirika kweli, uliniita mzembe mbele ya watu wote humu

Shangazi: Hilo nalirudisha mwanangu. Nimekosea

Binamu: Kaka samahani nakuuliza hapahapa, ukitaka nijibu pembeni. Kuna siku umewaza bora usiwepo?

Mjomba: Maswali gani hayo jamani unamtia mawazo

Binamu: Kuuliza hakumtii mtu wazo mjomba, kunampa pa kulitolea

Kaka: Dada aliniuliza jana. Ndio usiku fulani fulani, hasa zile siku baada ya kuanguka. Leo hapana. Mama usilie, nakusikia hadi huku

Dada: Nimehamia chumba cha pili, nalala hapo na vidonge nakaa navyo mimi, tumekubaliana

Binamu: Safi sana. Kaka, wazo hilo likirudi hata saa 8 usiku unamuamsha dada, na mnakwenda hospitali hapohapo hamsubiri kliniki. Kliniki mwende na daftari, mkaseme hasira zilianza baada ya tar 4. Muombe apimwe na sonona, kuna maswali 6 yametengenezwa kwa ajili ya watu wa kifafa, hayamalizi dakika 5. Ikionekana anayo inatibika, kwa mazungumzo na kwa dawa pia, nyingi zinakwenda pamoja na za kifafa

Mjomba: Kliniki lini? Nitawapeleka na gari.

Mama: Alhamisi

Mjomba: Saa 1 asubuhi niko mlangoni. Na wewe kijana ile kauli yangu ya kudekezwa uisamehe.

Kaka: Hamna shida mjomba. Ila nikumbushe tena jumatano usiku, na alhamisi asubuhi. Sikutanii