Pikipiki ya kwanza: 125 au niruke moja kwa moja kwenye 400?

Gia_ya_Tatu: Wakuu habari. Sijawahi kuendesha pikipiki hata siku moja, nataka kununua ya kwanza. Shemeji anasema nichukue cc 125 nijifunzie, ila naona nitaichoka ndani ya miezi miwili, si bora 400 nimalize kabisa? Mimi sio mrefu sana. Mnashaurije?

Spana14: Shemeji ana akili. Uingereza kwenyewe mwanafunzi akiwa peke yake barabarani mwisho cc 125, kilowati 11. Halafu breki ya mbele isahau kabisa mpaka uzoee, itakurusha.

BintiHelmeti: "Isahau kabisa"!! Ndo mnavyoua watu. Ukifunga breki uzito wote unakimbilia mbele, gurudumu la nyuma linabaki jepesi, ndo maana ukikanyaga ya mguu peke yake tairi linaburuza na chombo bado kinaenda tu. Kusimama ni mbele.

Spana14: Dada nimeendesha miaka 19 sijavunjika hata ukucha. Wewe umesoma kwenye video.

BintiHelmeti: Nimesoma kwenye goti langu kaka. Nilikanyaga ya nyuma tu kama nilivyofundishwa na watu wa aina yako, mkia ukapiga kushoto, nikalala chini huku naiona bampa ya gari inakuja. Lama ninalo mpaka leo.

Turbo_Bubu: Lama = kovu jamani, alikuwa anaharakisha 😂

BintiHelmeti: Kovu. Asante mwalimu.

Mzee_wa_Cheni: Wote mmeshika kipande kipande. Kwenye mchanga, au ukiwa umekata usukani, ukiibana ya mbele unalala, hapo Spana yuko sawa. Lami kavu, chombo kimenyooka, unaibana kwa vidole viwili polepole unaongeza, kama unakamua limau, na ya mguu inasaidia. Anayerushwa ni yule anayeinyakua.

Turbo_Bubu: Si ndo maana kuna ABS, ile inayozuia tairi lisiburuze ukifunga breki? Ulaya tangu 2016 modeli mpya zinazozidi 125 ni lazima ziwe nayo. Kwa hiyo achukue 400, mjadala umefungwa.

Spana14: ABS inamfundisha mtu uvivu.

Turbo_Bubu: Na helmeti ni uvivu wa fuvu?

Mzee_wa_Cheni: Mnagombania breki wakati huyu hata klachi hajui. Honda Super Cub ipo tangu 1958, klachi ya mkono haina, zimeshatengenezwa zaidi ya milioni 100, na mkiambiwa mnasema ni ya wazee. Haya endeleeni.

Spana14: Ni ya wazee kweli mzee wangu, samahani.

Gia_ya_Tatu: Jamani mimi bado nipo. Jana nimeenda kuikalia ile 400, chini vinagusa vidole tu. Nikashuka niisukume kidogo nione uzito wake, wakati naigeuza ikanivuta, muuzaji akaidaka.

BintiHelmeti: Basi hiyo achana nayo kwa sasa. Tafuta ambayo nyayo zote mbili zinalala chini, na ukiwa umeizima unaweza kuirudisha nyuma mwenyewe. Cc baadaye.

Spana14: Subiri kwanza. Wakati inakuvuta ulishika breki gani?

Gia_ya_Tatu: Ya mbele.

Spana14: 😂😂😂 Mimi nimemaliza.

BintiHelmeti: Alikuwa anaigeuza, usukani umekata! Kasome alichoandika Mzee pale juu ndo urudi kucheka.

Spana14: Mzee alisema niko sawa.