Naomba ushauri: kutembelea kiwanda cha sake cha asili Japani

Habari zenu wakuu. Niko Osaka kimasomo, na mwezi Januari mke wangu anakuja kunitembelea. Natamani sana tuone sake, ile pombe ya mchele ya Kijapani, inavyotengenezwa kwa njia ya zamani, maana baridi ndiyo msimu wake.

Niko njia panda kati ya Fushimi, kule Kyoto, na Nada, upande wa Kobe. Fushimi kuna makumbusho ya Gekkeikan, kampuni ya tangu 1637. Nada wapo Hakutsuru, walioanza 1743. Kote treni inafika. Hofu yangu ni kuishia kutazama mapipa ya maonyesho tu. Ninachotaka ni kazi yenyewe: mchele unatoka kwenye mvuke, unatandazwa upoe, kisha unanyunyiziwa ukungu (kuvu) wa koji, ule unaogeuza wanga kuwa sukari ili hamira ipate chakula. Kuna kiwanda kidogo kinachoruhusu wageni wafike hapo? Nafasi inawekwaje kama Kijapani chako bado kidogo?

Natto, yaani soya zilizochachushwa, tutaiacha kabisa kabla ya kwenda, kwa kuwa bakteria wake wanaweza kuharibu koji. Vipi kuhusu manukato?

Jambo lingine, mke wangu hanywi pombe, na sitaki akae pembeni wakati wa kuonja. Amazake, kile kinywaji kitamu cha mchele, ikiwa ya koji haina kilevi, lakini ile ya machicha ya sake inaweza kuwa nacho kidogo. Pale kaunta niulize vipi ili nisimpe isiyo sahihi?