Naomba ushauri: kadi ya grafiki ipo, lakini video ya harusi bado inageuzwa kwa saa sita

MpigaVideo_Sinza:
Wakuu, habari za leo. Mimi hupiga video za harusi na sherehe za kumuaga binti, na ofisi yangu iko Sinza. Nikimaliza kuhariri hubaki na faili kubwa mno la 4K, ambalo lazima niligeuze kuwa HEVC (muundo unaoibana video iwe ndogo) ili liingie kwenye flashi ya mteja. Kwa harusi ya saa mbili, kazi hiyo inachukua saa sita katika HandBrake, programu ya kugeuza video, na muda wote huo prosesa iko asilimia 100.

Wiki iliyopita nilianza saa tatu usiku ili mteja apitie asubuhi akielekea uwanja wa ndege. Saa nane na nusu umeme ukakatika mtaa mzima, kazi ikiwa imefika asilimia 91. Faili la MP4 lililobaki halikufunguka kabisa, nikaanza upya, na bwana harusi akasafiri mikono mitupu. Jambo hilo limeniumiza sana, kwa sababu nilikuwa nimempa ahadi.

Kompyuta yangu ina Core i5-10400F, RAM ya GB 16 na kadi ya GT 1030 niliyonunua Kariakoo baada ya kuhakikishiwa kwamba itaharakisha video. Nimetafuta NVENC, yaani chaguo la kugeuza video kwa kadi ya NVIDIA, kwenye orodha ya HandBrake na siioni. Nimesasisha dreva mara mbili. Je, kuna mpangilio ninaoukosea, au kadi ni mbovu?

Fundi_Ilala:
Pole sana, kaka. Kadi si mbovu na wala hujakosea mpangilio. GT 1030 haina NVENC. Watu wengi hudhani kwamba kadi hugeuza video kwa nguvu zilezile inazotumia kuchora michezo, ilhali usimbaji, yaani kuibana video kuwa muundo mpya, hufanywa na saketi ya pekee iliyochongwa pembeni ndani ya chipu, ambayo NVIDIA waliianzisha mwaka 2012. Saketi hiyo ikiwepo, hata kadi ya bei ya wastani huisimba video kwa kasi kubwa. Isipokuwepo, hakuna dreva itakayoileta. GT 1030 inaweza kusimbua, yaani kuichezesha video bila kuisumbua prosesa, lakini kusimba haiwezi.

Bahati mbaya ya pili iko kwenye ile herufi F ya prosesa yako. Intel wana saketi yao ya aina hiyo, Quick Sync, tangu mwaka 2011, lakini imo ndani ya grafiki ya prosesa, na prosesa zenye F huuzwa grafiki hiyo ikiwa imezimwa. Ungekuwa na i5-10400 ya kawaida, usingehitaji kununua kadi yoyote ili uanze.

BintiMhariri:
Naongezea hapo kwa Fundi. Kaka, ukirudi dukani usiulize GB za kadi, uliza kizazi chake. Kizazi cha Turing cha mwaka 2018 ndicho kilichoboresha ubora wa NVENC kwa kiasi cha kuonekana kwa macho, hasa kwa HEVC, kwa kuwa kilianza kutumia fremu za B (zinazobanwa kwa kulinganishwa na fremu za kabla na za baada) katika muundo huo. Jihadhari na GTX 1650 za mwanzo, kwani zilitoka mwaka 2019 zikiitwa Turing lakini saketi yao ya kusimba ilibaki ya kizazi cha nyuma. GTX 1650 Super na GTX 1660 zina saketi mpya. Angalia pia pawa saplai, kwa sababu GTX 1660 hula wati 120 na huhitaji waya wake wa umeme, tofauti na hiyo 1030 inayojitosheleza kwenye ubao mama.

Swali moja kabla hujatoa fedha: kamera yako inarekodi 4:2:0 au 4:2:2 (yaani kiasi cha taarifa za rangi inachohifadhi)?

MpigaVideo_Sinza:
Ahsante dada. Ni 4:2:0, biti 8.

BintiMhariri:
Basi uko salama. Nimeuliza kwa sababu H.264 (muundo wa video uliotangulia HEVC) ya 4:2:2 haisimbuliwi na kadi za NVIDIA zilizotangulia RTX 50 za mwaka 2025, hivyo mzigo wa kufungua kila fremu hurudi kwa prosesa na mtu hulaumu kadi bure.

Mzee_wa_Kanda:
Wanangu, mimi natoa tahadhari. Nimefanya kazi hii tangu enzi za kanda za VHS, na sipendi kuona kumbukumbu ya watu inaharibiwa kwa haraka. Kwa ukubwa uleule wa faili, prosesa iliyopangwa kwenda polepole bado hutoa picha safi zaidi kuliko saketi ya kadi, na tofauti huonekana pale pale penye shida: taa za ukumbi zinazozunguka, moshi wakati maharusi wanaingia, vitambaa vyenye nakshi ndogondogo. Saketi ina njia chache za kutafuta namna bora ya kubana, ilhali programu kama x265, inayosimba HEVC kwa prosesa, hujaribu nyingi.

Fundi_Ilala:
Shikamoo mzee wangu. Ni kweli usemavyo, nami sibishi. Ila flashi ya GB 32 ina nafasi ya kutosha; akiliacha faili liwe kubwa kidogo, ule upungufu hauonekani kwenye televisheni ya sebuleni. Nakala ya kuhifadhi aisimbe kwa prosesa siku ambayo hakuna anayesubiri.

Mzee_wa_Kanda:
Marahaba. Hapo nakubali.

MpigaVideo_Sinza:
Wakuu, narudi na majibu. Nimepata GTX 1660 ya mtumba, nikaijaribu dukani palepale kabla ya kulipa, na NVENC imeonekana. Hata hivyo nimeshangaa: kasi ni fremu 18 kwa sekunde tu. Katika Task Manager, mchoro wa usimbaji wa kadi unagusa asilimia 12 kisha unalala, huku prosesa ikiwa bado imejaa.

Fundi_Ilala:
Kaka, fungua ukurasa wa vichujio. Kile cha kuondoa chengachenga, NLMeans, umekiwasha?

MpigaVideo_Sinza:
Kimewashwa. Nilikiweka mwaka jana kwa sababu ya ukumbi mmoja wenye giza, na sikukizima tena.

Fundi_Ilala:
Ndicho kinachokuchelewesha. Kichujio hicho hufanya kazi kwenye prosesa, kwa hiyo kila fremu inapita huko kwanza, na kadi inakaa ikisubiri kuletewa. Kizime, au uondoe chengachenga kwenye vipande vya giza pekee wakati wa kuhariri. Ukitaka fremu zisitoke kabisa kwenye kumbukumbu ya kadi tangu kusimbuliwa hadi kusimbwa, tumia FFmpeg, programu ya video inayoendeshwa kwa kuandika amri, hivi:

`ffmpeg -hwaccel cuda -hwaccel_output_format cuda -i harusi.mp4 -c:v hevc_nvenc -preset p6 -rc vbr -cq 26 -b:v 0 -c:a copy harusi.mkv`

Namba 26 ni ya ubora. Ukiishusha picha inakuwa safi zaidi na faili linakua. Jaribu kwanza kwa dakika mbili za maharusi kuingia ukumbini, kama alivyoeleza mzee, kwa sababu hapo ndipo ubovu utakapojitokeza. Nimeweka MKV, aina nyingine ya faili la video, kwa makusudi: MP4 ya kawaida huandika faharasa yake mwishoni, ndiyo maana lile faili lako lilikufa umeme ulipokatika. MKV ikikatika njiani, sehemu iliyokwisha kuandikwa huchezeka. Kazi ikikamilika, kuihamishia kwenye MP4 bila kusimba upya ni suala la dakika chache.

MpigaVideo_Sinza:
Nimezima kichujio na kutumia amri hiyo. Harusi ya Jumamosi, saa mbili za 4K, imekwisha kwa dakika 52, na prosesa ilikuwa huru kiasi kwamba niliendelea kuhariri sherehe nyingine. Kwa namba 26 moshi ulikuwa na vibokisi, nimeshusha hadi 23 na vimetoweka. Yule bwana harusi nimemtumia flashi yake kwa ndugu aliyekuwa anasafiri jana.