Miji ya viwanda ya Kisovieti huko Georgia: Chiatura na mwenyeji, au Rustavi kivyako?

Mpiga_Nondo (Doha)
Wakuu, habari za mihangaiko. Nimepata likizo ya siku sita na tiketi ya Tbilisi ninayo mkononi. Kazini kwetu kila aliyeenda Georgia amerudi na picha zile zile: theluji ya Gudauri, daraja la vioo pale mjini, glasi ya mvinyo. Mimi ni fundi wa kuchomelea, nataka kuona chuma na watu waliokifanyia kazi. Nimebakiwa na njia tatu:

1. Chiatura, mji wa migodi ya manganisi, na mwenyeji niliyempata mtandaoni. Kazaliwa huko na bado anaishi huko. Atanichukua Kutaisi.
2. Chiatura hiyo hiyo kwa kampuni ya Tbilisi, kwenda na kurudi siku moja, wanachanganya na nguzo ya Katskhi.
3. Rustavi, karibu kabisa na Tbilisi, naenda peke yangu bila mtu wa kuniongoza.

Bei ya 1 na 2 hazipishani sana. Aliyefika anipe ukweli.

Bi_Zuhura (Muscat)
Mwanangu, namba 2 nimeifanya na binti zangu wawili mwaka jana, na sikushauri. Kutoka Tbilisi ni zaidi ya kilomita 200, na barabara ya mwisho ni ya kona tupu. Tulitoka alfajiri, tukasimamishwa Gori kwa sababu Stalin alizaliwa pale, tukasimamishwa tena kununua mkate mtamu barabarani. Chiatura tumefika saa nane mchana, saa tisa na nusu kijana wa kampuni anapiga makofi turudi garini. Alikuwa mpole, lakini kila nikimuuliza swali anatazama simu kwanza.

Nguzo ya Katskhi lakini ni ajabu ya Mungu. Jiwe limesimama peke yake kama meta 40, na juu yake kuna kanisa dogo. Wanawake hatupandi, na siku hizi hata wanaume wageni hawapandishwi, mnaangalia kwa chini. Kwenye makanisa yao mwanamke anatakiwa ajifunike kichwa na avae sketi. Sisi tulikuwa tayari tokea nyumbani, wenzetu wa Ulaya ndio waliohangaika na vitambaa vya kuazima.

Chakula usiwe na wasiwasi. Nguruwe ipo kwa wingi, kwa hiyo uliza. Sisi tulikula maharage yaliyopikwa chunguni na mkate wa unga wa mahindi. Wao wanayaita lobio. Nilihisi niko kwa shangazi yangu Pemba, ila kiungo chao kingine.

Mwana_wa_Mwadui
Mkuu, chagua 1 usirudi nyuma. Naandika kirefu kwa sababu mimi nimekulia kota za mgodi, na pale nilijiona mtoto tena.

Mwenyeji wetu ni mzee wa miaka hamsini na ushee. Hakuanza na historia. Alitusimamisha darajani akasema, tazameni mto. Mto Kvirila unapita katikati ya mji, na maji yalikuwa meusi kama chai ya rangi iliyochemka sana. Ni uchafu wa kuoshea mawe ya manganisi. Halafu akauliza nani anajua manganisi ni ya nini. Kimya. Wewe fundi ungejibu: bila manganisi chuma cha pua kinakuwa dhaifu na kinapasuka. Madini ya bonde lile yalianza kuchimbwa mwishoni mwa miaka ya 1870, na wanamtaja mshairi wao Akaki Tsereteli kuwa ndiye aliyeyatangaza. Baadaye Wasovieti wakajenga tanuru za kuyayeyusha Zestaponi, bondeni kwa chini.

Sasa yale magari ya waya, ndiyo yanayopeleka watu wengi kule. Mji uko shimoni, migodi iko juu ya magenge pande zote. Wachimbaji walikuwa wanapanda kwa miguu, wanafika kazini wameshachoka. Mwaka 1954 wakaanza kufunga nyaya na vijumba vya chuma vya kubebea watu, kutoka mjini kwenda juu, bila nauli. Utaratibu wake ni wa mizani: kimoja kinapanda huku mwenzake anashuka, kila kimoja kinamsaidia mwingine. Mama wa mwenyeji wetu alikuwa mhudumu wa kituo, kazi yake kufunga mlango na kupiga simu juu kwamba "nimejaza." Mzee alitufanyia ile sauti ya kengele kwa mdomo. Hilo kijana wa Tbilisi atalisoma wapi kwenye simu?

Vile vya zamani vilianza kufungwa 2017, mifumo mipya ikafunguliwa 2021. Vipya ni vizuri, vyeupe, vya vioo. Baadhi ya vile vya zamani bado vinaning'inia na kutu yake. Watalii wengine wanaingia vituo vilivyofungwa ili wapige picha. Usifanye. Sakafu zimeoza, na mzee alitukatalia kwa ukali, akasema anayetaka kufa atafute mji mwingine.

Halafu miaka ya 1990. Muungano wa Kisovieti ulipovunjika mgodi ulilala, na mji ukakaa miaka bila umeme wa uhakika wala maji. Ukiangalia yale maghorofa utaona matundu ukutani kando ya madirisha: ni mabomba ya majiko ya kuni waliyotoboa wenyewe, ghorofa ya sita mtu anabeba magogo. Mwaka 1989 mji ulikuwa na watu kama 30,000. Sensa ya 2014 ilikuta hawafiki 13,000. Mzee alikuwa anatembea akituonyesha madirisha: huyu yuko Ugiriki, huyu Italia, huyu Tbilisi. Dirisha moja alipita bila kusema kitu, na sisi hatukuuliza.

Jamaa_wa_Syokimau
Mwadui umeandika vizuri lakini acha nipinge kidogo. Huyu ndugu ni fundi wa vyuma. Chiatura ni shimo la kuchimba, kiwanda chenyewe kiko Rustavi. Mji wa sasa ulijengwa miaka ya 1940 kwa ajili ya kile kiwanda cha chuma tu. Mateka wa Kijerumani walishiriki kuujenga, na vibarua wakaletwa kutoka kila pembe ya Muungano. Mawe ya chuma yalitoka Dashkesan huko Azerbaijan, makaa ya mawe Tkibuli na Tkvarcheli, na mabomba yaliyotoka yakaenda kwenye visima vya mafuta vya Baku. Hebu fikiria hiyo hesabu: jamhuri moja inatoa jiwe, nyingine inalirudisha likiwa bomba. Mpaka ulipowekwa katikati, hesabu ikafa.

Mimi nilienda peke yangu na sikupotea. Rustavi ya zamani ina barabara pana yenye miti na majumba ya enzi ya Stalin, yana nguzo na nakshi. Ukivuka mto Mtkvari unaingia Rustavi mpya, maghorofa ya zege ya kufanana mpaka macho yanachoka. Wakenya na Watanzania wanaopenda magari wapite pia soko la magari yaliyotumika, ni kubwa kupindukia.

Mwana_wa_Mwadui
Kiwandani uliingia?

Jamaa_wa_Syokimau
😅 Hapana. Nilifika getini. Mlinzi aliniuliza kwa Kirusi, nikamjibu kwa Kiingereza, tukapeana mikono nikaondoka. Sehemu bado zinafanya kazi, hawaruhusu mpita njia. Hapo nakubali, ningekuwa na mtu wa pale labda angenikutanisha hata na mstaafu mmoja.

Kilimo_Kwanza88
Nyote mmekosea, nendeni Karaganda, Kazakhstan. Nilikaa huko miaka miwili. Makaa ya mawe, na tanuru za Temirtau alikofanya kazi Nazarbayev kabla hajawa rais. Kando yake kijiji cha Dolinka, yalipokuwa makao makuu ya kambi ya wafungwa ya Karlag, leo ni makumbusho. Huko bila mwenyeji hupaelewi. Kila familia ina babu aliyeletwa kwa nguvu. Oktoba 2023 mlipuko wa gesi uliua wachimbaji 46 katika mgodi wa Kostenko, kwa hiyo ukimkuta mtu mgodini mwake usianze na kamera, anza na pole.

Mpiga_Nondo (Doha)
Kilimo, tiketi ni ya Tbilisi, ndugu yangu, Kazakhstan mwaka mwingine 🙏

Mwadui, linalonisumbua ni hili: kwenda kuangalia watu walioharibikiwa. Kwetu Tanga nilipokua, wageni walikuwa wanapiga picha viwanda vilivyofungwa, na baba alikuwa mmoja wa waliopunguzwa. Hakupenda.

Mwana_wa_Mwadui
Swali zito, na ndiyo sababu nasema mwenyeji. Huyu mzee alikuwa na mipaka yake. Kuna kijiji kinaitwa Shukruti, nyumba zimepasuka na kudidimia kwa sababu ya uchimbaji chini yake. Mwaka 2024 wakazi walikwenda kugoma kula mbele ya bunge Tbilisi, wengine wakashona midomo yao. Tulimwomba atupeleke, akasema hataki kupeleka gari la watalii kwenye ua wa mtu anayelia. Kama tunataka kujua atatusimulia akiwa anaendesha. Alisimulia, na ndani ya gari hakuna aliyeongea.

Kabla hujalipa mwandikie huyo wako umuulize mambo matatu. Yeye au wazazi wake walifanya kazi gani mjini? Bei ni ya gari au ya kichwa? Na mtakula wapi? Akisema kwa mama fulani, vizuri. Akisema hotelini Kutaisi, huyo ni dereva tu.

Bi_Zuhura (Muscat)
Na makaratasi, mwanangu. Kibali cha ukaazi cha nchi za Ghuba kimekuwa kikituingiza bila viza, lakini masharti hubadilika, soma tovuti yao rasmi wiki ya kuondoka. Chapisha bima ya safari, hoteli na tiketi ya kurudi. Mtu mweusi uwanja wa ndege anaulizwa maswali mengi kuliko wenzake, usikasirike, toa karatasi moja moja.

Mpiga_Nondo (Doha)
Wakuu, amejibu. Baba yake alikuwa fundi wa kuchomelea, alikuwa anakarabati vile vijumba vya waya. Bei ni ya gari. Tutakula kwa dada yake.

Kwa hiyo: usiku mbili Kutaisi, siku nzima Chiatura, kisha nusu siku Rustavi kabla ya ndege, nimpe mkono yule mlinzi wa Syokimau.

Jamaa_wa_Syokimau
Msalimie. Mwambie Kirusi bado najifunza.

Bi_Zuhura (Muscat)
Kwa huyo dada usiende mikono mitupu. Tende za Doha kilo moja zinatosha.