Nafufua Land Rover 109 ya marehemu mjomba hapa Mikindani, hela inaisha kidogokidogo, mnapangaje hizi kazi?

mpwa_wa_mikindani
Wakuu habari za mida hii. Nina Land Rover 109 Series III ya 1978, ya petroli, marehemu mjomba alikuwa anapakilia korosho toka Newala kuja Mtwara mjini, imekaa chini ya mwembe miaka mingi haijawaka. Nataka niirudishe kama ilivyokuwa, sio ya maonyesho ila iwe safi na initoe hapa mpaka Masasi na kurudi bila kusukumwa. Nimetenga milioni nane. Sasa fundi kila baada ya siku mbili ananipigia, bosi naomba elfu thelathini ya gasketi, bosi elfu hamsini ya gesi, natuma kwa simu, nikiuliza kazi imefika wapi naambiwa tunaendelea. Na saivi anataka tuvue bodi yote tuanze rangi, eti kuna mtu wa rangi yupo mjini anakaribia kuondoka. Wenye uzoefu nianze na nini, na hivi vinati na vibolti nitavijuaje ni vya wapi siku ya kurudishia?

spana_ya_inchi
Mtu wa rangi aondoke zake salama. Rangi ni ya mwisho kabisa.

Iko hivi mkuu, bodi ya hiyo gari ni aluminiamu, haishiki kutu nyekundu ndo maana kwa macho unaiona nzima. Chesisi ni chuma, tena ni boksi, inaoza kuanzia ndani, na sisi huku pwani hewa yenyewe ina chumvi. Chukua nyundo ingia chini mwenyewe, gonga boriti ya nyuma kabisa, njoo kwenye vishikio vya springi, halafu ule ukuta wa mbele sehemu unapoweka miguu. Chuma kizima kinalia, kilichooza kinatoa sauti ya bubu na nyundo inazama. Ukimaliza hapo ndo utajua hiyo milioni nane ni bajeti au ni salamu. Angalia pia pale aluminiamu inapogusana na chuma, ukikuta unga mweupe ujue panalika. Fundi akikwambia hapo tunapiga puti, mwambie hapana.

Mimi napanga hivi, chesisi, breki na usukani, halafu injini na giaboksi, waya, ndo rangi. Na usifungue sehemu ambayo hela ya kuifunga huna mkononi. Gari ngapi zinafia uwanjani zikiwa vipande sio kwa ubovu, ni kwamba zilifunguliwa zote siku moja kwa furaha.

Injini usinunue kitu kwanza. Hizo injini za lita 2.25 mpaka 1980 krenki yake inakaa kwenye meni tatu, yani beringi kubwa zinazoishika, baada ya hapo tano, krenki na beringi zake haziingiliani. Ya 78 inatakiwa iwe tatu ila hizi gari zimebadilishwa sana injini huko zilikopita, fungua sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, uone kwa macho ndo utume hela Dar.

ligula_moja
Spana hapo kwa kutovua bodi nabisha kidogo. Kama chesisi imeoza kweli huwezi kuchomelea vizuri na bodi ikiwa juu, utaunguza waya na tangi la mafuta liko hapohapo, na fundi atachomea upande anaoufikia tu ule wa juu anauacha. Bodi yenyewe imefungwa kwa bolti, watu wanne mnainyanyua.

spana_ya_inchi
Ligula sijakataa, nimesema nyundo kwanza. Ikiwa ni boriti ya nyuma peke yake hiyo inakatwa na kuwekwa nyingine bodi ikiwa palepale, tangi tu litoke. Ikiwa ni chesisi nzima basi vueni, ila hapo bajeti irudi mezani upya. Na kitu kimoja watu wanakosea, kumwaga oili chafu ndani ya chesisi ni kuzuri ila ni BAADA ya kuchomelea, ukimwaga kabla inawaka moto.

Kuhusu bolti: hizo ni za inchi. Bolti ya Toyota ni ya milimita, itaingia nyuzi mbili halafu inang'ang'ania, ukiilazimisha umeua na nati. Kwa iyo bolti zako za zamani hata kama zina kutu ni mali, usiruhusu kijana wa gereji azitupe.

mama_stoo
Mdogo wangu pole na msiba japo ni wa siku nyingi. Nimekaa stoo ya karakana muda mrefu, ngoja nikwambie upande wa hela.

Huyo fundi sio lazima awe mwizi, ila mmekubaliana nini? Hamna. Kaa nae chini mpatane kazi kwa kazi, yani breki zote magurudumu manne mpaka inasimama, ufundi ni kiasi fulani, nusu ikianza nusu ikisimama. Spea unanunua wewe. Na sheria ya stoo ni moja, kipya hakitoki mpaka cha zamani kiwe mezani, akisema gasketi imekufa aje nayo. Utashangaa maombi yatakavyopungua.

Daftari liwe na makadirio, kilicholipwa na kilichobaki, kila kazi ukurasa wake, sio ukurasa mmoja wa gari zima maana hapo hutaona ni wapi panavuja. Robo ya hela usiigawe kabisa, iache laini nyingine ambayo fundi haijui, kwenye gari la zamani hiyo robo itapata kazi tu. Spea za Dar andika orodha ya kazi nzima uagize mara moja, ukiagiza kimoja kimoja nauli ya mzigo kwenye basi inakula kuliko spea zenyewe.

Vinati tia kwenye makopo, kila kopo la sehemu moja tu. Usiandike na maka juu ya mfuko, mkono wa oili ukishika mara moja maandishi yamekwenda. Andika kwenye karatasi ngumu tumbukiza NDANI. Na piga picha kabla ya kufungua, sio baada.

Halafu angalia kalenda. Rangi piga kiangazi, Juni mpaka Septemba, mvua zetu zikishaanza Desemba rangi inapata ukungu. Na minada ya korosho ikifunguliwa Oktoba kila fundi wa maana yuko chini ya lori la mtu, hutampata.

wakili_wa_kijiweni
Hamjauliza la muhimu. Kadi ina jina la nani? Kimila huku kwetu mpwa anachukua cha mjomba sawa, lakini mjomba ana watoto? Gari bovu halina ndugu, subiri liwake ulipitishe pale mtaa wa Shangani, ndugu watatokea. Kama mirathi haikufunguliwa nendeni Mahakama ya Mwanzo ateuliwe msimamizi, ndo mhamishe kadi TRA. Fanya kabla hujaweka hata breki.

mpwa_wa_mikindani
Watoto wapo wawili, mmoja yuko Lindi tunaelewana vizuri, mwingine sina uhakika. Nimemwambia fundi asimame kwanza. Nyundo nimepiga jioni hii, boriti ya nyuma imezama upande wa kulia, kwingine kunalia. Wakili, na nikikuta injini sio yake ya mwanzo?

wakili_wa_kijiweni
Linganisha namba ya chesisi na ya injini na zilizoko kwenye kadi. Ya injini ikitofautiana inarekebishwa TRA, tafuta karatasi za hiyo injini kama zipo. Ya chesisi ikitofautiana usiguse kitu, nitafute inbox.