Wachambuzi wa farasi, acheni kutujumlishia nyasi na udongo kwenye fomu moja!

Wakuu, huu uzi ni wa hasira na sitaupamba. Mods, msiuunganishe na ule wa mikeka ya mpira.

Kila zikikaribia mbio za Meydan, ule uwanja wa farasi wa Dubai, ni yale yale. Mtu anabandika jedwali: farasi fulani, mbio tisa, kashinda sita, weka nyumba. Ukifungua rekodi yenyewe unakuta ushindi wote sita ni wa nyasi, na Jumamosi anakimbia kwenye udongo. Hiyo mnayouza si fomu, yaani rekodi ya kumpimia farasi, ni mbuzi kwenye gunia.

Meydan ina njia mbili. Ya nyasi iko nje, mzunguko wa mita 2400. Ya udongo iko ndani, mita 1750, kwa hiyo kona zake zinabana zaidi. Viwanja vya Marekani ni kinyume: udongo nje, nyasi ndani. Ukisema "huyu anaijua Meydan", taja Meydan ipi. Kibaya zaidi, kuna wanaotuletea "takwimu za udongo wa Meydan" wakiwa wamechota Dubai World Cup, mbio kubwa za pale, ya 2010 hadi 2014. Miaka ile mitano mbio hizo zilikimbizwa juu ya Tapeta, yaani mchanga uliochanganywa na nyuzi na nta. Udongo ulirudi 2015. Kabla ya 2010 mbio hizo zilikuwa kwenye udongo wa Nad Al Sheba, uwanja mwingine kabisa. Matokeo ya Tapeta si ya udongo wala si ya nyasi, yana safu yake.

Sasa kwa nini hivi viwili havijumlishiki?

Tukisema udongo hapa ni mchanganyiko wa mchanga, vumbi laini na udongo wa mfinyanzi, tabaka la juu la sentimita 8 hadi 10 lililopigwa haro (kulainishwa kwa meno ya chuma yanayokokotwa), chini yake msingi mgumu. Farasi ana karibu kilo 500 na anakwenda zaidi ya kilomita 60 kwa saa. Ukwato ukitua, unateleza mbele kidogo, unazama, unasimama. Akijisukuma, lile tabaka linakimbia nyuma, na sehemu ya nguvu yake inapotelea mchangani. Kila hatua analipa kodi hiyo. Anayeimudu ni farasi mwenye makalio na mapaja ya nguvu, anayeweza kushika kasi kubwa mwanzo hadi mwisho hata kama hana kasi ya ziada ya kubadilisha gia.

Kwenye nyasi mizizi inashika udongo, ukwato haupati mtelezo mrefu, na farasi mwepesi mwenye hatua ndefu anaruka bila kupoteza sana. Huyo ndiye mnayemwona kajificha nyuma, halafu mita 400 za mwisho anapita kama wenzake wamesimama. Mpeleke kwenye udongo, ile gia haipo. Hajachoka wala haumwi, amekosa pa kukanyagia tu.

Lakini hata hilo si kubwa kuliko yote. Kubwa ni mchanga usoni, na hakuna tipsta anayeligusa.

Mtazameni joki (mpanda farasi) wa mbio za udongo kabla geti halijafunguka. Juu ya kofia ana miwani mitatu au minne, imepangwa moja juu ya nyingine. Ya juu ikijaa uchafu anaivuta chini shingoni, anabaki na safi. Farasi hana ya kuvuta. Anapigwa usoni, machoni, kifuani, na kumbukeni farasi hapumui kwa mdomo. Anapumua kwa pua peke yake, na akiwa kwenye kasi kamili ni pumzi moja kwa kila mzunguko wa miguu minne. Mchanga ukimwingia puani anainua kichwa, na kichwa kikipanda mgongo unashuka, hatua inafupika, pumzi inavurugika pamoja nayo. Nyasi nazo hurusha mabonge, ila si mvua ile isiyokatika. Kwa hiyo farasi aliyezoea kutulia nyuma ya wenzake kwenye nyasi, mtindo wake wenyewe ndio unaomweka pale mchanga unaponyesha.

Ndiyo maana kwenye udongo kutimua vumbi si msemo tu. Anayetimua hamezi vumbi. Wote wanagombea mbele, na mbio zinaanza kwa kasi kisha zinakufa taratibu. Mfano ambao hakuna wa kuubishia ni farasi Secretariat, Belmont Stakes ya 1973, mbio za udongo za Marekani za maili moja na nusu, dakika 2 na sekunde 24. Maili nusu ya kwanza alitumia sekunde 46.2. Maili nusu ya mwisho, sekunde 49.8. Mmoja wa farasi bora wa karne, anashinda kwa urefu wa farasi 31, na bado alimaliza polepole kuliko alivyoanza! Mbio nyingi za nyasi hazina umbo hilo: zinaanza kwa kunyatia, zinamalizika kwa mlipuko.

Kwa hiyo unapomsoma farasi wa nyasi anayehamia udongo, acha kuhesabu ushindi. Angalia alikuwa wa ngapi mita 400 za kwanza. Aliyekuwa wa tisa na akashinda kwa nyasi, kwenye udongo atakuwa wa tisa vilevile, macho yamejaa mchanga. Akipangiwa geti la ndani kabisa na si mwepesi wa kutoka, ni balaa juu ya balaa, maana anafungiwa kwenye reli (uzio wa ndani wa njia) akiwa mgongoni mwa kundi zima.

Naombeni pia mwache kutafsiri hali ya njia kiholela. "Good" ya nyasi ni hali nzuri kweli. "Good" ya udongo wa Marekani maana yake njia ilikuwa na maji na haijakauka sawasawa. Udongo mkavu wa kawaida wanauita "fast". Mmeandika "njia nzuri" kote kote, watu wakabeti hivyo hivyo.

#2
Mkuu umepiga penyewe, ila umeruka kwato. Wengi wanaamini kwato pana na bapa ni za nyasi, ndogo zilizosimama ni za udongo. Sababu inaeleweka: kwato pana hazizami sana nyasi zikilowa. Ila picha ya farasi akiwa amesimama kwenye paredi, pale wanapoonyeshwa kabla ya mbio, haitoshi kumhukumu.

Mwanzisha uzi
Sikuiruka, niliipunguzia uzito makusudi. Kwato ni kidokezo. Ukoo nao ni kidokezo, na mnaupigia debe kupita kiasi. Farasi Northern Dancer alishinda Kentucky Derby ya Marekani ya 1964 kwenye udongo, lakini kupitia mwanawe Sadler's Wells na mjukuu wake Galileo damu yake ndiyo iliyotawala nyasi za Ulaya. Kama babu angekuwa jibu, wale wote wangekuwa wa udongo.

#3
Kwa upande wa viatu: vile vya alumini vyenye ncha iliyoinuka mbele viliwekwa ili ukwato uume udongo. Tatizo ni kwamba ule mtelezo mdogo wa kutua ndio unaopunguza mshtuko mguuni. Ukiuzuia ghafla, mshtuko unapanda kwenye kifundo na kano. Ncha hizo zimehusishwa na majeraha, sheria za Marekani zimezibana, na kwenye nyasi hazitakiwi kwa sababu zinachimba uwanja. Kwa hiyo anayesema "atabadilishiwa viatu ataweza udongo" anaota.

#4
Mnatisha watu bure. Farasi Arcangues je? Katoka Ufaransa, hajawahi kukanyaga udongo kwenye mbio, kashinda Breeders' Cup Classic, mbio kubwa za udongo za Marekani, ya 1993 Santa Anita kwa bei ya 133 kwa 1 (dau la shilingi moja linaleta faida ya 133). Animal Kingdom naye, mara yake ya kwanza kwenye udongo ilikuwa Kentucky Derby ya 2011, na akaichukua.

Mwanzisha uzi
Ile 133 kwa 1 ndiyo bei ya jambo lisilotegemewa. Wewe unatuuzia farasi wa aina hiyo kwa 2 kwa 1, hapo ndipo ugomvi wetu ulipo! Sijasema haiwezekani. Breeders' Cup Classic ya 2001 pale Belmont walikuwepo wawili wa nyasi za Ulaya. Galileo, bingwa wa Derby ya Epsom, Uingereza, alimaliza wa sita. Sakhee, aliyekuwa ameshinda Arc, mbio kubwa za nyasi za Ufaransa, siku 20 tu kabla, alipitwa kwa pua na Tiznow wa Marekani. Kwenye karatasi zenu wote walikuwa "fomu kali". Na hesabu inakwenda pande zote mbili. Farasi Cigar wa Marekani alikimbia mara 11 kwenye nyasi, akashinda moja. Oktoba 1994 akarudishwa kwenye udongo, akashinda 16 mfululizo, mojawapo ikiwa Dubai World Cup ya kwanza kabisa, 1996. Mwenye jedwali la kujumlisha angemtupa.

#5
Sisi tuliozoea Ngong, uwanja wa Nairobi, hatuna mazoea ya kuliuliza hili, pale ni nyasi tupu. Ukihamia mbio za Marekani kwenye simu, uanzie wapi?

Mwanzisha uzi
Swali zuri. Chukua karatasi, chora safu tatu: nyasi, udongo, sintetiki (za aina ya Tapeta). Kila mbio iingie safu yake. Kisha video ya mara yake ya kwanza kwenye udongo, mita 400 za mwanzo: kichwa kilipanda? Alijivuta nje kukwepa mchanga? Akipigwa na bado akasogea mbele, huyo mweke alama hata kama alimaliza wa tano. Mwisho, siku ya mvua angalia taarifa za uwanja kabla hujalipa. Marekani mvua ikizidi, mbio za nyasi huhamishiwa kwenye udongo siku hiyo hiyo. Nusu ya farasi wanaweza kutolewa, na walioandikishwa kwa udongo tu, wenye herufi MTO kwenye programu, wanaingia. Ukikuta farasi "kashinda" mbio za nyasi zilizohamishwa hivyo, ushindi huo unakwenda safu ya udongo. Nimeona majedwali matatu wiki hii, yote yameuweka kwenye nyasi, na yote yanauzwa.