Kijiji kinachangisha hela ya kuwaita kamchape, wale waganga wa kufichua wachawi. Nikikataa, mama yangu ataitwa mchawi. Nifanyeje?

Wakuu, habari za jioni. Niko kijijini huku Kasulu, Kigoma. Nalima maharage na mihogo, kanisani nafundisha kwaya.

Wiki iliyopita tuliitwa mkutano wa kitongoji. Watoto wawili wamefariki kwa homa mwezi huu, basi ikasemwa kijiji kimechafuka, waitwe kamchape waje kusafisha. Kila kaya 5,000. Mwenyekiti akamalizia: "Asiyetoa tutajua ana cha kuficha." Aliyekuwa anaandika majina ni mzee wa kanisa letu, yule yule anayesoma matangazo Jumapili. Nilisogea nikaona daftari lenyewe ni lile la sadaka, kaligeuza tu akaanzia nyuma.

Shida yangu ni mama. Ni mjane, kapita sabini, macho mekundu kwa kupuliza moto wa kuni maisha yake yote. Nikitoa hiyo hela nimemlipa mtu aje amchanje mama yangu chale mbele za watu. Nisipotoa, ni kama nimemtaja mwenyewe. Mchungaji nimemfuata, kasema tuombe, tusiligawe kanisa. Mwisho wa kutoa ni Jumamosi.

Bwashee wa Nzega:
Toa hiyo elfu tano ulale. Hao wakija hawaendi kwa aliyetoa, wanaenda kwa aliyekaza shingo. Imani yako Mungu anaijua, haihitaji daftari.

Mama Tumaini:
@Bwashee usimdanganye mwenzio. Kwetu Urambo bibi alitoa, na jogoo juu. Walichimba chini ya kitanda chake wakatoa pembe imefungwa kitambaa chekundu. Mvua ilinyesha usiku kucha, udongo wa shimo ulikuwa tope kabisa, ila pembe ilitoka kavu ina vumbi. Niliiona kwa macho yangu. Nikasema kwa sauti, wakaniambia binti nyamaza, wewe ndiye unayerithishwa. Bibi alinyolewa nywele, akatozwa mbuzi wawili. Hakukanyaga tena sokoni mpaka anafariki.

Kabwela Msomi:
Mkuu, kuna Sheria ya Uchawi, Sura ya 18, ipo tangu 1928. Kumtangaza mtu mchawi mitaani ni kosa, na anayejifanya ana nguvu za kufichua wachawi naye ana kosa. Halafu mchango wa lazima hautungwi kitongojini: sheria ndogo ya kijiji lazima ipitie mkutano mkuu wa kijiji na ikubaliwe na halmashauri ya wilaya. Mwandikie mtendaji wa kijiji barua, nakala polisi wilayani, ubaki na yako yenye mhuri. Usimtaje mzee wa kanisa humo, taja mchango tu. Ukimgusa yeye itageuka ugomvi wa kanisa na mtendaji atanawa mikono.

Mwana Ujiji:
Mimi Muislamu, nisamehe nikiingilia ya kanisa. Mtaani kwetu yalipoanza maneno kama hayo imamu alisema siku ya Ijumaa, juu ya mimbari, kwamba hatoi na nyumba yake haichimbwi. Yakafa. Mtu mmoja mwenye kanzu alitosha. Mchungaji wako anaogopa kapu la sadaka, mwambie hivyo hivyo.

Bwashee wa Nzega:
Barua za nini kijijini? Huyo mtendaji mwenyewe ameshatoa elfu tano yake, niamini.

Mama Tumaini:
Kaka, mtoe mama hapo kwanza. Hayo mengine baadaye. Macho mekundu yameua vikongwe wengi mno huku kwetu na Usukumani.

Mleta uzi:
Asanteni wote. Mama nimemwambia aende kwa dada Kigoma mjini, amekataa. "Nikiondoka si ndiyo watasema nimekimbia?" Anapepeta maharage hapo nje muda huu ninapoandika. Barua nimepeleka, mtendaji kaisoma mara mbili, kagonga mhuri bila kusema neno. Bwashee huenda uko sahihi juu yake, ila nakala ninayo.

Mzee wa kanisa kapita jioni na daftari. Nimemwambia sitoi. Mama akamletea maji ya kunywa, kikombe akakipokea, akakaa nacho mkononi mpaka anaaga, akakiweka chini kimejaa. Krismasi huyu mtu alikula kwetu.

Kabwela, hiyo Sura ya 18 naipata wapi kwa Kiswahili? Nataka nimpelekee mchungaji kabla ya Jumamosi.